Kidole cha Mgeni

Mswahili aendaye Uingereza, baada ya kuchukuliwa alama za vidole vyote kumi, na hesabu zake za benki kupekuliwa kama za mtu atuhumiwaye kula amana ya yatima, hufika London akastaajabu ya kwamba laini ya simu ya malipo ya kabla huuzwa dukani pamoja na maziwa na magazeti, wala hapana amwulizaye jina, seuze pasipoti. Mwingereza naye, ambaye viza yetu ya Tanzania hupewa uwanjani kwa dola 50, akishuka Unguja na kutamani laini ndipo atambuapo kwamba dola yetu nayo ina haiba yake. Kwani tangu Januari 2020, zilipoanza kuzimwa laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole, hana budi kutoa pasipoti na kukibonyeza kidole juu ya kijimashine, ambacho mara hukikataa kwa jasho, mara hukatikiwa na mtandao. Kisasi? Hasha, ni usalama. Basi, ewe mwenye mgeni, mwagize aje dukani na pasipoti yenyewe, na anawe mikono kwanza, yatoke mafuta ya nazi.