Betri Sita na Magitaa Ishirini: Uteuzi wa Gitaa la Kuiga kwa Bendi ya Wamaza

Gitaa la kuiga ni gitaa la umeme ambalo sauti yake haiendi moja kwa moja kwenye spika, bali hupitia kwanza kwenye kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya mbao zake, na kompyuta hiyo ndiyo inayoamua iwapo wasikilizaji watasikia gitaa la Marekani la miaka ya 1950, gitaa kavu la nyuzi 12, banjo, au sitari, yaani ala ya nyuzi yenye shingo ndefu inayopigwa India. Katika gitaa la umeme la kawaida kazi ya kuzisikiliza nyuzi hufanywa na pikapu, ambayo ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu, na uzi wa chuma unapotikisika juu yake huamsha umeme kidogo ndani ya waya huo. Ndiyo maana gitaa kama Telecaster, lililotolewa na Fender mwanzoni mwa miaka ya 1950, lina sauti yake inayojulikana, mwenyewe apende asipende. Gitaa la kuiga kwa kawaida lina masikio ya namna nyingine: kwenye daraja, pale nyuzi zinapolalia karibu na mkono wa kupiga, kila uzi huwekewa fuwele ndogo ambayo ikibanwa hutoa umeme, na kwa kuwa fuwele ni sita, kompyuta hupata habari za kila uzi peke yake, ikazifanyia hesabu zake na kuzitoa nje zikiwa zimebadilisha ukoo.

Kampuni ya Roland ya Japani ilifungua njia hiyo mwaka 1995 kwa chombo kilichoitwa VG-8, ambacho kilikaa nje ya gitaa, na Line 6 ya California ikaingiza jambo lote ndani ya gitaa lenyewe ilipotoa Variax mwanzoni mwa miaka ya 2000. Fender ilishirikiana na Roland kutoa Stratocaster ya kuiga mwaka 2007, na mwishoni mwa mwaka 2013 Line 6 ikanunuliwa na Yamaha. Historia hiyo ni fupi, na hakuna dalili kwamba aliyeichora Variax aliwahi kuifikiria barabara ya Kasongo kwenda Kabambare wakati wa masika. Hata hivyo, ukitafuta mahali ambapo gitaa moja linahitajiwa kufanya kazi ya magitaa mengi, ni vigumu kupata pahali panapofaa zaidi kuliko Wamaza na majirani zake wa kusini mwa jimbo la Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako bendi ileile hutazamiwa kupiga arusi siku ya Jumamosi, Misa siku ya Jumapili, na matanga siku yoyote ambayo Mungu ameipanga.

Ili kuelewa haja hiyo, ni lazima kueleza jinsi magitaa yanavyogawana kazi katika muziki wa Kongo. Bendi kamili ina gitaa la solo, ambalo huimba juu ya mengine yote. Ina gitaa la akompanyema, ambalo hurudia mapigo yaleyale chini bila kuchoka wala kusifiwa. Ina mi-solo, ambalo hukaa katikati ya hayo mawili na kuyajibu yote. Halafu ina besi. Wakati wa sebene, yaani sehemu ya wimbo ambapo waimbaji hunyamaza na magitaa yakashika uongozi, ni mi-solo hasa linalowafanya watu waache viti, ingawa sifa huchukuliwa na solo. Bendi ya kijiji huwa na wapigaji wanne na magitaa mawili, na hapo ndipo wazo la kununua gitaa la kuiga huzaliwa, likiwa na kasoro moja ambayo kamati haiioni mpaka fedha zimekwisha kutoka: gitaa linaloweza kuwa magitaa 20 haliwezi kuwa mawili kwa wakati mmoja. Wapigaji watabaki wanne, na magitaa yatakuwa matatu, moja kati yao likiwa na majivuno.

Isitoshe, nchi hii haikungoja kompyuta ili ijue kuiga. Mwenda Jean Bosco, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952, alipiga gitaa kavu kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, akasikika kama watu wawili. Mwaka uliofuata Mbelgiji Bill Alexandre alileta gitaa la umeme Léopoldville, sasa Kinshasa, na katika miaka michache vijana kama Franco Luambo, anayesimuliwa kwamba gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa kopo na nyaya, walikuwa wamelifundisha gitaa hilo kusema mambo ambayo watengenezaji wake hawakuyakusudia. Wapigaji wa Kongo waligundua pia kwamba ukiondoa uzi wa nne na kuweka mahali pake uzi mwembamba uliopandishwa oktava moja, gitaa hugeuka kuwa jingine, lenye mlio wa kumetameta unaopenya kati ya solo na akompanyema. Gitaa lililofungwa hivyo huitwa mi-kompoze, na gharama yake ni uzi mmoja. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947 na kupata umaarufu Dar es Salaam akiwa na bendi ya Super Matimila, ni ushahidi wa kutosha kwamba mtu wa Maniema anaweza kufika mbali bila fuwele yoyote kwenye daraja.

Ni haki kukiri kwamba Variax inaweza kuifanya hiyo mi-kompoze bila kubadilisha uzi, kwa sababu programu yake ya kompyuta humruhusu mwenye gitaa kupandisha au kushusha sauti ya kila uzi peke yake. Lakini programu huhitaji kompyuta, kompyuta huhitaji umeme, na umeme huhitaji grupu, ambalo ni jina la jenereta katika mashariki ya Kongo, nalo grupu huhitaji petroli iliyofika kwa pikipiki. Uzi mwembamba huhitaji mkono na koleo.

Ajali za gitaa la kuiga huanzia kwenye kitufe cha duara ambacho mpigaji hukizungusha ili kuchagua sauti. Kwenye Variax za mwanzo, sauti za magitaa kavu hukaa karibu na kundi lenye banjo na sitari, nacho kitufe hakina mlango wala mlinzi. Mpigaji wa kwaya, akiwa amevaa koti la kuazima lenye mikono mipana, huanza nyimbo za matoleo kwa sauti tulivu ya gitaa kavu, na katikati ya ubeti wa pili ncha ya mkono wa koti hukigusa kitufe. Waumini waliokuwa wakielekea kwenye kapu na sarafu zao husimama kidogo. Padri huinua macho. Mpigaji mwenyewe, ambaye vidole vyake havijakosea hata noti moja, hukazana kupiga kwa uaminifu zaidi, akidhani tatizo ni imani yake, na sitari huzidi kulia mpaka mdogo wake wa besi amnong'oneze: "Yaya, gita yako inasema Kihindi." Wazee wa kanisa hukutana baadaye, na kwa kawaida huhitimisha kwamba koti lirudishwe kwa mwenyewe.

Mbaya zaidi ni kitufe cha pili, kilichowekwa kwenye aina za James Tyler Variax zilizotoka mwaka 2010, ambacho hubadilisha si sauti bali ufungaji wa nyuzi, yaani kimo cha kila uzi, bila nyuzi zenyewe kulegezwa wala kukazwa. Kikisogea kidogo, gitaa zima linaweza kushuka nusu toni huku mkono wa mpigaji ukiwa palepale ulipokuwa na macho yake yakishuhudia kwamba yuko sawa. Bendi husikia kwamba kuna mtu ameharibika, na kwa kuwa mwenye solo ndiye mkubwa kwa umri na ndiye mwenye gitaa la bei, macho yote humgeukia mpiga besi. Huyu, kwa heshima, hushusha besi yake ili kumfuata mkubwa; wa akompanyema humfuata wa besi; mwimbaji, ambaye hana kitufe, huwafuata wote kwa koo; na mara tu wanapokutana salama katika kimo kipya, mwenye solo hugundua kitufe na kukirudisha bila kumwambia mtu. Anayetaka kujua mwendo wa madaraka ndani ya bendi hana haja ya kusoma kitabu kingine.

Jambo la betri linastahili nafasi yake. Gitaa la kawaida la umeme halihitaji umeme wowote ndani yake, ila ule wa kikuza sauti mwishoni mwa waya, lakini kompyuta ndani ya gitaa la kuiga hula, na Variax za kwanza hulishwa betri sita ndogo, zilezile zinazotumika katika redio na saa za ukutani, isipokuwa mwenyewe awe na kisanduku chake maalumu cha kupitisha umeme kwenye waya. Betri sita ndani ya nyumba moja ya Wamaza ni mali ya ukoo. Mbili huazimwa kwa ajili ya redio siku ya mpira, moja huingia kwenye saa ya baba mkubwa ambaye haulizwi, na nafasi zao hujazwa na zile zilizoanikwa juani tangu asubuhi kwa matumaini kwamba nguvu zitarudi. Gitaa halilalamiki nyumbani. Hungoja arusini, bwana arusi akiwa amekwisha kuinuka, na kufa katikati ya sebene.

Tena gitaa la namna hii huanza kula mara tu waya unapochomekwa, sio linapopigwa, hivyo kijana aliyeambiwa alitunze usiku na akaliacha na waya wake, ili waya usije ukapotea, hulikabidhi asubuhi likiwa safi, limefutwa vumbi, na halina uhai. Aina za baadaye zina betri moja ya kuchajiwa, jambo ambalo huhamishia shida kwa mwenye paneli ya jua anayechaji simu kwa malipo, ambaye huitazama betri hiyo, hutafuta tundu lake, halipati, na bado hutaja bei.

Hapa ndipo tofauti kubwa kuliko zote hujitokeza, nayo haisemwi sana na wauzaji. Variax za kizazi cha kwanza hazikuwa na pikapu za sumaku hata moja: fuwele na kompyuta zilikuwa masikio yake yote, na betri ikiisha gitaa hubaki ubao wenye nyuzi, na magitaa yote 20 huondoka kwa pamoja kama yalivyokuja. Zile za mwaka 2010 na baada yake ziliongezewa pikapu za sumaku, ambazo huendelea kufanya kazi hata kompyuta ikiwa imelala, kwa hiyo mpigaji hushuka kutoka magitaa mengi hadi moja, lakini arusi huendelea. Kwa maoni ya mwandishi wa kurasa hizi, mjadala kuhusu uzuri wa banjo ya bandia au ukweli wa nyuzi 12 ungoje nyuma ya swali la kama gitaa lina pikapu za sumaku.

Masikio ya fuwele yana faida moja ambayo watengenezaji hawaitangazi, labda kwa sababu hawavui samaki. Sumaku husikia chuma tu. Fuwele husikia mtikisiko wa kitu chochote. Uzi ukikatika pahali ambapo duka la karibu lenye nyuzi za gitaa ni safari ya siku nzima, mwenye gitaa la sumaku hutafuta waya wa breki za baiskeli, lakini mwenye gitaa la fuwele anaweza kufunga mshipi wa nailoni wa mvuvi wa mto Lualaba, na kompyuta, ambayo haina macho, itautangaza kwa wasikilizaji kuwa ni uzi wa Marekani. Sauti itakuwa na ububu kidogo. Watu wa kwaya wamevumilia makubwa zaidi.

Sababu nyingine ya kulichagua gitaa la kuiga ni barabara. Vyombo husafiri kwa pikipiki, abiria akikaa nyuma na gitaa limelazwa mapajani au limefungwa mgongoni juu ya koti la mvua, na kila gitaa la ziada ni abiria mmoja anayebaki. Bendi inayohitaji sauti ya gitaa kavu kanisani na ya gitaa la umeme arusini huokoa safari nzima. Lakini gitaa hilo apewe nani? Mwenye solo atalidai kwa haki ya umri, wakati ambapo yeye ndiye asiyelihitaji, kwa kuwa watu wanamjua kwa sauti moja na hawataki nyingine. Anayelihitaji ni mwenye mi-solo, ambaye kazi yake ni kuwa mtu tofauti katika kila wimbo.

Mnunuzi anayetumwa Kalemie, Uvira au Bujumbura na fedha za kamati aweke basi mambo mawili akilini. Kwanza, gitaa lipigwe dukani bila kuunganishwa na kikuza sauti, kwa sababu lililojaa vitufe linaweza kuwa na shingo iliyopinda, na shingo haiigwi. Pili, aliunganishe, aombe litolewe betri mbele ya macho yake, kisha apige tena. Likinyamaza, ashukuru na kwenda duka la pili. Likiendelea kusema, aanze kuteta bei, akijua kwamba muuzaji, akiisha kukubali, atamkumbusha kwamba betri aliyoishika mkononi inauzwa kando.