Fuko, Korongo na Tai

Hekaya hii ni ya wanyama wa wilaya ya Kern, bonde la San Joaquin, jimbo la California. Juu ya ardhi kuna mashamba ya lozi na zabibu hadi macho yanachoka. Chini kuna mafuta. Miaka na tarehe ni zile zile za wanadamu wa huko, na waliyoyafanya wanyama hawa ndiyo waliyoyafanya wanadamu. Nimewavika manyoya na mbawa ili tuwatazame kwa utulivu.

Mafuta ya bonde lile hayapandi peke yake. Mbweha, tajiri wa visima, alikuwa akivuta pipa moja la mafuta na pamoja nalo zaidi ya mapipa 10 ya maji. Si maji ya mtungini. Yana chumvi, yana mabaki ya mafuta, na mara nyingine yana boroni na arseniki. Yapo yanayosafishwa kidogo na kupelekwa mashambani, lakini mengi hayana pa kwenda. Basi Mbweha akachimba visima vya namna nyingine, ambavyo havitoi kitu, kazi yao ni kusukuma maji yale kurudi chini. Tangu hapo swali la bonde zima likawa moja: chini wapi? Maana ardhi ya Kern ina matabaka, na katika matabaka hayo kuna yenye maji makali ya chumvi na kuna yenye maji ambayo mtu akiyasafisha kidogo atayanywa.

Mwenye mamlaka juu ya mashimo yote alikuwa Mzee Fuko. Ofisi yake ilianzishwa mwaka 1915, na agizo lake la kwanza lilikuwa kuhakikisha maji hayapenyi yakaharibu mafuta. Tulitazame agizo hilo vizuri. Hakuambiwa alinde maji yasiguswe na mafuta; aliambiwa alinde mafuta yasiguswe na maji. Aliifanya kazi hiyo kwa bidii na kwa ufundi. Alijua bomba likiwa na ufa kabla halijavuja, alijua saruji ikishika na isiposhika. Riziki ya ofisi yake ilitoka kwenye ada ya mafuta anayotoa Mbweha, na kwa miaka mingi hakuna aliyeona shida hapo.

Desemba 1974, Tai anayekaa mbali mashariki, Washington, alipewa sheria ya maji salama ya kunywa. Aliyeitia saini ni Rais Gerald Ford, na Tai ndiye Shirika la Hifadhi ya Mazingira, ambalo Wamarekani huliita EPA. Chini ya sheria hiyo Tai aliweka kipimo: tabaka lolote la maji lenye chini ya miligramu 10,000 za chumvi na madini kwa lita moja lilindwe, hata kama leo hakuna anayelichota. Napenda kipimo hicho. Maji ya miligramu 10,000 hayanyweki hivi hivi, lakini waliokiweka walimfikiria mjukuu ambaye hajazaliwa, atakayekuwa na mitambo ya kuyasafisha na pengine hatakuwa na maji mengine. Lango moja tu liliachwa wazi: tabaka ambalo halinywewi na ambalo kwa sababu maalumu, kama vile kuwa na mafuta ndani yake, halitarajiwi kunywewa, laweza kutolewa kwenye ulinzi. Wa kuridhia hilo ni Tai, si mwingine.

Lakini Tai mmoja hawezi kuzunguka mabonde yote. Visima vikagawanywa katika madaraja, la pili likiwa la visima vya mafuta, na kila jimbo lililothibitisha kwamba linaweza kulinda maji yake likapewa mhuri wa kutoa vibali kwa niaba yake. Mwaka 1980 sheria ikalegezwa kwa visima vya mafuta: jimbo halikulazimika kufuata kila kifungu, ilitosha kuonyesha kwamba utaratibu wake unalinda maji. Kila mahali mhuri ukaangukia mkono tofauti. Texas ulichukuliwa na Tume ya Reli, ambayo siku hizi haisimamii reli tena, na visima vya taka za viwandani vikabaki kwa ofisi nyingine. Oklahoma ukachukuliwa na tume ya jimbo, isipokuwa wilaya ya Osage, ambako Tai alibaki nao mwenyewe. Tarehe 3 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.8 liliitikisa Pawnee, huko huko Oklahoma, na wataalamu wakalihusisha na maji yanayosukumwa chini. Tume ikafunga visima vya upande wake, Tai akafunga vya Osage. Mpaka wa mamlaka ulikuwa umepita katikati ya ardhi iliyotikisika.

California, mwaka 1983, mhuri wa visima vya mafuta alipewa Mzee Fuko. Madaraja mengine Tai aliyaweka kwapani mwake. Na palikuwa na Korongo, mlinzi wa maji ya jimbo zima, yale ya mtoni na yale ya ardhini, anayepaswa kuulizwa neno kabla kibali hakijatoka. Walinzi watatu, basi, kwa kisima kimoja. Mimi si wa kulaumu wingi huo. Fuko anajua bomba, Korongo anajua maji, Tai anajua sheria, na kisima kizuri kinawahitaji wote. Tatizo lilizaliwa mahali pengine: kila mmoja alipoona mwenzake kanyamaza, alihesabu ukimya huo kuwa ndiyo.

Miaka ikapita. Ukame ukaingia, na Januari 2014 gavana Jerry Brown akatangaza hali ya dharura. Bi Kware, mwenye vifaranga na kisima kimoja, aliona ndoo inapanda na matope. Wachimbaji wakamwambia aende chini zaidi. Alipouliza chini kuna nini, wakamwonyesha uzio wa jirani: Mbweha alikuwa akisukuma maji yake kwenye kina kile kile.

Bi Kware akashika njia hadi kwa Fuko.

"Shikamoo, Mzee Fuko."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Nataka kuchimba, lakini naambiwa maji machafu yanaingia huko ninakoelekea."

Fuko akatoa jalada. Akamwonyesha bomba lililo ndani ya bomba, saruji inayoziba pembeni, na karatasi ya vipimo. "Hiki kisima nilikitia shinikizo mwenyewe. Hakivuji hata tone. Maji yanafika pale pale yalipokusudiwa kufika."

"Sikuuliza kama yanavuja njiani, Mzee. Naulizia huko yanakofika."

Fuko akakaa kimya kidogo. "Huko mwulize Korongo."

Korongo alimpokea kwa heshima, akamweka kitini. "Maji ni dhamana yangu, Bi Kware. Lakini kibali cha shimo hilo si changu, na jalada lake sikumbuki kuliona. Wa kuamua tabaka lipi linalindwa ni Tai." Na karani wa Tai, Bi Kware alipompata, akasema mhuri walishautoa kwa jimbo zamani, arudi kwao.

Nimeona watu wengi wakirudi nyumbani na jibu la namna hiyo, na wengi huishia hapo. Bi Kware hakuishia hapo. Alimwendea Kuchakulo, karani mdogo wa masjala, akamwomba jambo moja tu: amwonyeshe karatasi inayosema tabaka lile limetolewa kwenye ulinzi.

Kuchakulo akapanda kabatini. Vumbi likamwingia puani. Akashuka na mkataba wa zamani kati ya Fuko na Tai, ule wa wakati wa kukabidhiana mhuri, akaufungua kwenye orodha ya matabaka. Kulikuwa na matabaka 11 yaliyoandikwa kuwa yametolewa kwenye ulinzi. Akapumua. Halafu, kwa kuwa alikuwa karani mwangalifu, akafungua kabati la pili kutafuta nakala ya kulinganisha. Akaipata. Nayo ilikuwa na saini. Matabaka yale 11, kwa nakala hiyo, hayakuwa yametolewa.

Akaziweka sambamba mezani, akapitisha ukucha mstari kwa mstari. Mkataba mmoja, nakala mbili, zote zimesainiwa, moja inaruhusu na nyingine inakataza. Kwa miaka 30 Fuko alikuwa akigonga mhuri kwa kuifuata ile inayoruhusu.

Hilo sikulibuni. Ndivyo ilivyokutwa California.

Na si hilo tu. Mwaka 2011 wakaguzi walioletwa na Tai walikuwa wameshapita kwa Fuko wakakuta kwamba ofisi yake ilikuwa ikilinda maji yasiyozidi miligramu 3,000, si 10,000 za sheria. Kati ya namba hizo mbili kuna maji mengi sana, na hayo ndiyo yaliyokosa mlinzi. Barua zikaandikwa, zikajibiwa, zikaandikwa tena. Julai 2014 visima 11 vya Kern vikaamriwa kusimama kwa dharura. Majalada yote yalipofunguliwa, hesabu ya visima vilivyokuwa vikisukuma maji mahali penye shaka ilipita 2,000. Maofisa wa jimbo walisema kwamba katika visima vya maji walivyopima, hawakuona kilichochafuliwa na taka hizo. Nawaamini walichokipima. Lakini maji ya chini hutembea taratibu mno, na kipimo cha leo hakimwambii Bi Kware atachota nini miaka 20 ijayo.

Ukaitwa mkutano chini ya mwaloni. Mbweha alikuja na mawakili, akasema kila kisima chake kina kibali chenye mhuri halali, na kwamba mafuta ndiyo yanayowalipa vijana wa bonde. Alikuwa na haki katika yote mawili. Tai akasema aliamini mhuri ungefuata sheria. Korongo akasema hakuletewa majalada. Fuko alisimama mwisho, mzee, macho yakihangaika na jua.

"Mimi niliambiwa nitazame bomba," akasema. "Nilitazama bomba. Hakuna aliyekuja kuniambia kwamba nililolinda halikuwa lenyewe."

"Mzee wangu," akasema Bi Kware, "mimi nilikuja."

Pale ndipo kazi ilipoanza, polepole, kwa karatasi na tarehe. Visima vilivyokuwa ndani ya yale matabaka 11 vilipewa mpaka mwisho wa Desemba 2016, kila tabaka liridhiwe upya kisheria au usukumaji wa maji usimame. Vingine vilivyokuwa kwenye maji yanayolindwa vilipewa mpaka tarehe 15 Februari 2017. Mwaka 2015 bunge la jimbo likaweka utaratibu mpya: Fuko hawezi tena kumpelekea Tai ombi la kutoa tabaka kwenye ulinzi mpaka Korongo akubaliane naye, na mpaka wawili hao wakae mbele ya wananchi wasikilize. Mwaka 2020 ofisi ya Fuko ikabadilishwa jina, na afya ya watu na mazingira vikaandikwa ndani ya wajibu wake. Imechukua miaka 105 agizo la 1915 kugeuzwa uso. Nimelifurahia, na bado nasema lilichelewa. Baadhi ya matabaka yaliridhiwa, kwa kuwa kweli yalikuwa na mafuta na hayana matumizi mengine. Visima vingine vilifungwa.

Bi Kware hakukosa mkutano hata mmoja. Alijifunza kusoma ramani ya matabaka, rangi kwa rangi. Vifaranga walikua, nao wakajifunza.

Halafu Mbweha akarudi na bidhaa nyingine. Safari hii si maji. Ni kabonidayoksaidi, hewa ya moshi wa mitambo inayopasha dunia joto, ambayo inaweza kugandamizwa na kusukumwa kwenye miamba ile ile iliyotoa mafuta, ikae humo karne na karne. Kwa kazi hiyo daraja la sita la visima lilitungwa mwaka 2010. Majimbo kama North Dakota na Wyoming yameshapewa mhuri wake, California haina. Kwa hiyo Tai mwenyewe ndiye aliyetoa vibali vya Elk Hills, hapo hapo Kern, Desemba 2024. Hifadhi hiyo ikifanywa vizuri ina faida kwa dunia nzima, na siipingi.

Ila sasa bonde moja lina visima vya mafuta vyenye jalada kwa Fuko, visima vya hewa vyenye jalada kwa Tai, na visima vya kunywa ambavyo maji yake ni dhamana ya Korongo, na mamia ya mashimo ya kale yametoboa matabaka yote hayo, mengine yakiwa yamezibwa enzi ambazo saruji haikupimwa kama inavyopimwa leo.

Bi Kware alifika kwenye kikao asubuhi mapema, akaandikisha jina lake, likawa la kwanza katika orodha ya wasemaji. Zamu yake ilipofika, hakuhutubia.

"Karani Kuchakulo, andika. Naomba ramani ya Fuko, ya Korongo na ya Tai zichorwe kwenye karatasi moja, na kila shimo la kale liwekwe alama. Na pembeni ya kila shimo liandikwe jina la ofisi itakayokuja usiku likipasuka."

Kuchakulo akaandika. Mwenyekiti akawauliza walinzi watatu ni nani ataanza kuleta ramani yake, na Mzee Fuko akanyoosha mkono.