Mumbere, Kambale na Kasereka

Katika milima ya Lubero jiwe halina rafiki. Ukilima viazi hapa Kipese, jembe hukutana nalo kabla ya udongo. Ukichambua maharagi unalitoa na kulitupa nyuma ya nyumba, na ukilisahau, mgeni ndiye atakayelipata, tena kwa jino. Kwa hiyo shemeji yangu aliporudi kutoka Guangzhou akanikabidhi zawadi ya vijiwe vitatu, mke wangu alimuuliza kwa upole kama biashara imekwenda vibaya.

Shemeji ni mfanyabiashara wa Butembo, na mfanyabiashara wa Butembo harudi mikono mitupu. Spea zake za pikipiki zilikuwa bado baharini kuelekea Mombasa. Yeye alishuka Entebbe, akapanda gari hadi mpakani Kasindi, vijiwe vikiwa mfukoni ndani ya karatasi ya chooni. Sasa jaribu wewe kuvuka mpaka huu na mawe yaliyofungwa vizuri hivyo! Kivu mtu hafungi jiwe bure. Aliyekagua mizigo alichanganyikiwa zaidi kwa sababu madini ya kwetu hutoka, hayajawahi kuingia. Akalipima moja kiganjani, akalikwaruza kwa ukucha kuona kama ni koltani. Jiwe likatoa maji.

"Hii madini iko inalia," akasema, akajifuta kidole kwenye suruali na kumwambia apite.

Kumbe ni mmea. Jina lake Lithops, na kwao ni Namibia na Afrika Kusini, pamoja na kipande cha Botswana. Una majani mawili manene tu, yaliyogandana na kuacha ufa katikati, ukiutazama ni kwato la mwanambuzi lililochomoza ardhini. Sehemu kubwa ya mwili imezikwa, na utosi ndio dirisha: mwanga hupenya hapo hadi ndani ya jani. Rangi yake ni ya kokoto za mahali ulipoota, ili mnyama mwenye kiu apite bila kuuona. Mwaka 1811, Mwingereza William Burchell aliokota kitu karibu na Prieska akidhani ni kijiwe chenye umbo la ajabu, na alipokitazama vizuri akagundua kwamba ni mmea. Baadaye akatokea Desmond Cole, profesa wa lugha za Kibantu kule Johannesburg, bingwa wa sarufi ya Kitswana, ambaye yeye na mkewe Naureen walizunguka majangwani miaka mingi wakiorodhesha mahali mimea hii inapoota, na orodha yao ikafika kama 400. Mtu aliyezoea ngeli za nomino haogopi kitu, hata mawe yenye ukoo.

Watoto wangu waliyapa majina tulivyozoea Wanande, kwa kufuata nani alitangulia kuzaliwa, yaani kutoka kwenye karatasi: Mumbere, Kambale na Kasereka.

Udongo wetu hauwafai. Unashika maji mno. Wanataka mchanga na kokoto, na udongo kidogo tu wa kuonja. Nikawaendea akina mama wanaoponda mawe kando ya barabara.

"Papa, beseni ngapi?"

"Kikombe kimoja."

Nyundo zote zikasimama. "Kikombe? Unajengea panya?"

Mmoja wao alinipa bure, kwa huruma, na tangu hapo sijapita njia ile bila kuulizwa kama panya amefikia mabati.

Nikatoboa makopo ya maziwa kwa msumari, nikawapanda, nikawaweka dirishani. Hapo sasa ndipo yalipo matatizo. Baadhi ya maeneo ya kwao hayapati hata milimita 200 za mvua kwa mwaka. Butembo hupita 1,000, na huku Kipese ukungu unaweza kukaa mlangoni asubuhi nzima. Isitoshe, tunaishi karibu kabisa na ikweta. Jua la Juni linapita kaskazini ya nyumba, la Desemba kusini, na mabati yetu yametokeza mbele sana kwa ajili ya mvua. Mawe yangu huhamishwa dirisha hadi dirisha kila jua linapobadili upande, na kila nikihama nayo lazima pazia lihame, redio ihame, na mke wangu aseme neno.

Lakini adui mkubwa wa Lithops hakuwa mvua. Alikuwa mama yangu. Mama hawezi kulala akijua kuna kiumbe nyumbani hakijanywa. Mmea huu kila mwaka hubadili majani: jozi mpya huota ndani na kuifyonza ile ya zamani, mpaka ya zamani ibaki ngozi kavu. Wakati huo haupewi maji hata tone. Nilimweleza Mama vizuri. Akatazama mikunjo ya Kambale, akatazama bilauri yangu ya maji mkononi, akanyamaza. Kila usiku, baada ya sala, Kambale alipata kikombe chake. Alivimba, akang'aa, Mama akasema, "Umeona?" Jumapili, tulipokuwa misani, akapasuka toka utosini hadi shingoni, na Jumatano alikuwa uji.

Kasereka nilimtorosha jikoni, kwenye uchaga juu ya meko, mahali pakavu kuliko pote. Kweli hakuoza. Ila jikoni kwetu giza ni la saa zote, naye alipoutafuta mwanga aliota shingo ndefu, akajikunja kuelekea tundu la moshi. Jirani alipomwona akauliza kama ni kitunguu.

Mumbere ndiye aliyenifuta machozi. Alasiri moja ufa wake ulitoa ua la manjano, kubwa kuliko yeye mwenyewe. Afadhali, maana lingeweza kuwa Pseudolithos, jiwe la Somalia alilolipa jina la kisayansi mtaalamu Peter Bally wa makumbusho ya Nairobi: ua lake hunuka mzoga ili kuita nzi, na nyumba yangu ingeshakuwa imevunjwa kutafuta panya aliyekufa.

Habari zikaenea. Kesho yake wageni walifika saa tatu asubuhi. Ua hilo hufunguka alasiri tu, nikawaambia. Wakasema hawana haraka. Chai ikatoka, fufu ikatoka, kuku akachinjwa, kwa sababu huwezi kuwakalisha watu mbele ya kopo la maziwa wakitazama jiwe kwa njaa. Saa tisa kamili, mvua. Bila jua ua halifunguki. Wakaaga, wakishukuru kwa kuku, na kuahidi kurudi kesho.

Jioni shemeji alipiga simu kutoka Butembo. Alikuwa amesikia kuhusu umati, si kuhusu kuku, na alitaka kujua kama katoni mbili zingetoka. Kabla sijajibu, Mama alininyang'anya simu.

"Leta, mwanangu. Lakini safari hii ulete ile yenye inakunywaka mayi."