Namna ya Kufunga Taa za Mlingoti Ili Fundi Asikose Riziki

Anzia kwenye waya. Nunua ule wa kuunganishia taa ya sebuleni, na mwembamba uwezavyo. Wapo watakaokusumbua kwamba chomboni hutumika shaba iliyopakwa bati, kwa kuwa shaba tupu huliwa na chumvi ikageuka nyeusi ndani ya ganda lake bila mtu kuona. Bila mtu kuona! Sasa hasara iko wapi? Watakuambia pia kuwa mlingoti wa mita 15 ni safari ya mita 30, maana umeme hupanda na kurudi, na kwamba taa za njia zisipoteze zaidi ya asilimia 3 ya volti. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni volti 0.36. Watu wanagombania senti!

Mlingoti wa alumini ni mtupu ndani, basi tumbukiza waya uning'inie. Usiupitishe kwenye bomba la plastiki. Ukitia nanga hori ya Kilifi na chombo kikaanza kuyumba, waya utagonga kuta za mlingoti mpaka alfajiri, na majirani wote watajua umefika. Uzito wake wote ubebwe na viskrubu vya taa kule juu. Kamba nyembamba ya kuvutia waya mwingine siku za usoni usiiache ndani, itamdekeza atakayekuja baadaye.

Kuhusu rangi, kanuni za kimataifa za kuzuia migongano za mwaka 1972 ni pana: chombo cha tanga kisichofika mita 20 chaweza kuweka nyekundu ya kushoto, kijani ya kulia na nyeupe ya nyuma katika taa moja kileleni. Ila ukiwasha injini, hata tanga likiwa juu, wewe ni chombo cha injini: taa hiyo uizime, uwashe za rangi na nyeupe ya nyuma zilizo chini, pamoja na nyeupe ya mbele juu ya zile za rangi. Usijichoshe. Washa zote, na ya nanga pia. Nahodha wa meli ya makontena aingiaye Mombasa usiku atakaa akijiuliza kama ni mashua au ni harusi.

Jaribu taa baada ya mlingoti kusimamishwa, si kabla. Zisipowaka, mpigie fundi. Atauliza kama kuna kamba ya kuvutia ndani. Mjibu hapana, kisha usikilize bei ikipanda kabla yake.