Namna ya Kushindwa na Jua la Bangkok kwa Heshima

Msomaji wa Tanga, wa Mombasa, wa Dar es Salaam: najua unachowaza. Joto ni la kwenu, umezaliwa nalo, na hakuna mji wa Asia utakaokufundisha kutoka jasho. Wazo hilo lifungie kwenye begi kubwa, begi liache hotelini. Mwezi wa Aprili Bangkok hupanda kupita nyuzi 35, upepo wa bahari hupotea njiani, na usiku lami inatema moto ilioumeza mchana kutwa. Jua hilo halishindwi na mtu. Kilichobaki ni kuchagua kati ya kushindwa vizuri na kushindwa vibaya. Mwongozo huu ni wa kushindwa vizuri, na kanuni yake ni moja: ratiba inapangwa na jua, wewe fuata.

Hatua ya kwanza: amka kabla yake

Saa kumi na moja na nusu alfajiri uwe umeshavaa. Saa hiyo watawa wa Kibudha wanapita mitaani peku, mabakuli mikononi, na watu wanapiga magoti kuwatilia wali na matunda. Kaa kando, usiwakatie njia. Mwanamke hamgusi mtawa, hata kwa bahati mbaya, basi mpishe kwa nafasi ya kutosha.

Kisha kula. Kando ya barabara utakuta uji mzito wa mchele, jok, unafuka moshi, umetiwa tangawizi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Mara nyingi una nyama ya nguruwe. Asiyeila aseme mapema, "mai sai mu", yaani usiitie, au aelekee Bang Rak, kwenye vichochoro vya jirani na Msikiti wa Haroon, karibu na barabara ya Charoen Krung. Huko Waislamu wa mji wamekaa vizazi na vizazi, na chakula cha halali hakitafutwi kwa tochi.

Hatua ya pili: panda boti, bajaji isubiri

Treni ya juu, BTS, itakushusha kituo cha Saphan Taksin. Chini yake ndiko liliko gati la Sathorn. Panda boti yenye bendera ya rangi ya chungwa inayokwenda juu ya mto Chao Phraya, simama pembeni, upepo ukupige. Kondakta anapita katikati ya watu akitikisa kopo refu la chuma lililojaa sarafu. Kwa kelele hiyo anakudai nauli, na nauli yenyewe ni baht chache tu. Katika mji mzima, hakuna ubaridi wa bei rahisi zaidi ya huo.

Shuka Tha Chang. Kasri Kuu lilianza kujengwa mwaka 1782, Mfalme Rama I alipohamishia makao yake ukingo wa mashariki wa mto. Milango hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, na mgeni hulipa baht 500. Fika saa hiyo hiyo, mabega na magoti yakiwa yamefunikwa. Ukifika saa tano utakuwa umelipa pesa ile ile ili uchomwe zaidi.

Karibu na lango huenda akakutokea bwana mmoja nadhifu, mpole, mwenye Kiingereza kizuri. Atakusikitikia: Kasri limefungwa leo, kuna ibada, lakini bajaji hii hapa itakuzungusha mji mzima kwa bei ya kutupa. Mshukuru, endelea kutembea. Kasri liko wazi. Safari ile ya bei ya kutupa huishia duka la vito, na vito vyenyewe utaambiwa kwamba ukiviuza kwenu utapata mara mbili. Mtu anayetoka nchi ya tanzanaiti hana sababu ya kununua yakuti kwa ushauri wa dereva.

Ndani ya Kasri yumo Buddha wa Zumaridi, sanamu ya jade yenye urefu wa sentimita 66 hivi. Mfalme humbadilishia mavazi mara tatu kwa mwaka: ya kiangazi, ya mvua na ya baridi. Chukua funzo hapo hapo. Ikiwa yeye anavalishwa kulingana na majira, suruali yako nzito ya jinzi inatafuta nini Bangkok?

Hatua ya tatu: saa sita ikigonga, lala

Huu ndio wakati wageni wengi wanapoharibu siku. Wanasema "tumalizie na hekalu moja tena," na saa nane wanakutwa wamekaa kwenye ngazi, nyuso nyekundu, hawasemeshani. Wewe tembea dakika chache tu hadi Wat Pho, ambako mwenye nyumba mwenyewe amelala: Buddha wa mita 46, amefunikwa dhahabu kuanzia utosini. Nenda mpaka miguuni. Nyayo zake zimetiwa nakshi za lulumizi, alama 108 za heri, na ukutani yamepangwa mabakuli 108 ya shaba. Watu wanadondosha sarafu moja moja, bakuli baada ya bakuli, na mlio wake unajaza ukumbi mzima.

Ukitoka hapo, tafuta banda la kukanda mwili ndani ya eneo hilo hilo. Wat Pho ina shule ya ukandaji tangu mwaka 1955, na mwaka 2019 UNESCO iliuingiza ukandaji wa Kithai katika orodha ya urithi wa binadamu. Lipia saa nzima. Utavutwa, utakunjwa, utabonyezwa mahali ambapo hukujua pana mshipa. Huko nje jua litakuwa linafanya kazi yake bila wewe.

Hatua ya nne: kula kidogo, kula mara nyingi

Sahani kubwa ya mchana ni adui wa mtu anayetembea juani. Tafuta mama mwenye kinu. Ndani ya kinu cha udongo atatupa vitunguu saumu na pilipili kichaa, ataponda mara mbili tatu, ataongeza sukari ya mnazi, kunde ndefu, nyanya, kamba wakavu na karanga. Atakamua ndimu, atamimina nam pla, maji ya chumvi ya samaki waliochachuka. Mwisho papai bichi lililochanwa nyuzinyuzi, ambalo analitwanga kwa mkono mmoja huku wa pili ukigeuza kwa kijiko. Hiyo ni som tam. Atakuuliza pilipili ngapi. Jibu moja. Ushujaa wa pilipili una mahali pake, na mahali pake ni kwenu.

Pamoja nayo agiza wali wa kunata, unaoletwa ndani ya kikapu kidogo cha mwanzi. Hapa tu ndipo Mswahili anapompita kila mtalii mezani: wali huu unamegwa kwa mkono, unafinyangwa tonge, unachovywa, kama ugali. Funga kwa embe bivu juu ya wali wa kunata uliotiwa tui zito lenye chumvi kidogo. Msimu wa embe ni hiyo hiyo Aprili, na nadhani hiyo ndiyo fidia ya joto.

Hatua ya tano: vuka mto jua likichoka

Alasiri kivuko cha Tha Tien kitakupeleka Wat Arun, hekalu ambalo minara yake imepambwa kwa vipande vya vyombo vya kaure kutoka China. Vigusie macho kwa karibu: utaona maua yaliyotengenezwa kwa sahani zilizovunjika. Kisha rudi upande wa pili ulitazame hekalu likizama kwenye machweo. Saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa ukipigwa stesheni au bustanini, watu watasimama. Simama nao.

Hatua ya sita: sasa ndiyo siku inaanza

Usiku nenda Yaowarat, mtaa wa Wachina, kwa treni ya chini hadi Wat Mangkon. Majiko yanawashwa, viti vya plastiki vinamwagwa barabarani. Mji uliojificha mchana kutwa unatoka kula. Chagua banda lenye foleni ya wenyeji na mpishi wa chakula kimoja. Anayepika kimoja tu kila usiku hawezi kukipika vibaya akabaki na wateja.

Na hapa sina utani. Tangu mwaka 2014 mamlaka ya Bangkok imewaondoa wachuuzi wengi kwenye njia za waenda kwa miguu. Aliyeona machinga wakihamishwa Dar es Salaam mwaka 2021 hahitaji kuelezwa maana yake: mtaa unakuwa msafi, na mtu wa kipato kidogo anakula kwa bei kubwa zaidi. Mama wa kinu, muuza jok na mwenye jiko la Yaowarat ndio wanaoulisha mji huo. Mahekalu yana walinzi na tiketi. Wao wana wateja tu. Kwa hiyo gawa pesa zako kwa haki: lipia Kasri mara moja, na zilizobaki zile barabarani.