Mheshimiwa Doa

Katika wageni wote wanaofika kwa mtu mwenye uwanja wa zege hapa Kigoma, anayekaa kuliko wote ni doa la oili, na ni yeye peke yake asiyeomba chai. Shangazi huja akarudi Kasulu. Fundi bomba huja, akapokea advansi, akapotelea Mwanga. Doa likishafika limefika. Wenye nyumba wapya hulipokea kwa matusi na brashi, na mimi naona umefika wakati mtu alisemee.

Kwanza, doa ni mkaguzi. Zege hujifanya gumu, kumbe limejaa vitundu vidogo vilivyoachwa na maji ya kuchanganyia yalipokauka. Fundi akizidisha maji ili zege limiminike upesi awahi futari, vitundu huongezeka. Hapo mwenye nyumba haambiwi kitu, mpaka siku Noah ya shemeji inapolala uwanjani na kudondosha matone yake. Saa mbili usiku tone liko juu, jeusi, taa ya barazani inang'aa ndani yake. Asubuhi mng'ao umekwisha, tone limezama, na pembeni yake pana mzunguko wa kijivu uliotanuka kama upana wa kiganja. Kadiri lilivyozama, ndivyo fundi alivyokuibia. Injinia angekuja na vipimo vyake na kudai posho. Doa limekuja bure na taarifa limeiacha palepale.

Pili, halijui kusema uongo. Shemeji anaapa gari lake halina tatizo, ndiyo kwanza limetoka bandarini Dar es Salaam. Doa jeusi linasema injini inavuja. Doa jekundu linasema ni giaboksi au usukani. Shemeji akishaondoka, doa hubaki na ushahidi wake, wala halihongeki.

Lakini nisije nikaonekana nasifia wageni nikasahau wenyeji. Doa lenye asili ya hapa ni la mawese. Mtu anashusha dumu kutoka kwenye baiskeli, kifuniko kimelegea, na uwanja umeshapakwa rangi ambayo dukani inauzwa kwa lita. Wekundu ule unatokana na karotini, ileile iliyomo kwenye karoti, na jua la ufukweni huufuta taratibu bila msaada wa mtu. Mwenye nyumba hufurahi, akatangaza ushindi. Kumbe kilichoondoka ni rangi tu. Mafuta yenyewe yamo ndani, na mahali pale panaendelea kuonekana pabichi hata kiangazi cha Julai. Mawese yana tabia hiyo ya kutokuwa na haraka. Asubuhi za baridi utayaona kwenye chupa yamejigawa, uji wa njano umekaa chini na wekundu uko juu, yanangoja joto yaungane tena.

Na silaha unayoikimbilia ni ipi? Sabuni. Sabuni ya mawese ya hapahapa hupatikana kwa kuchemsha mafuta yaleyale na magadi makali mpaka yageuke. Kuondoa doa la mawese kwa sabuni ya mawese ni kumfukuza mjomba kwa kumtuma mpwawe: wataondoka pamoja wakiongea vizuri, na mmoja atarudi.

Vita vyenyewe ni burudani. Mwenye busara humwaga maranda au mchanga mkavu mara tu oili inapodondoka, akaacha vinyonye, akafagia, kisha akasugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Hakuna anayemwuliza ushauri. Anayeulizwa ni jirani aliyewahi kufanya kazi gereji, naye anasema, "Mama, weka petroli tu." Petroli inayeyusha oili kweli, halafu inaisindikiza, doa lililokuwa sahani linakuwa mkeka, na anayevuta sigara karibu anaweza kuumaliza ubishi kwa njia nyingine. Baada ya hapo huja asidi ya betri. Asidi haina ugomvi na oili, ugomvi wake ni na saruji, hivyo huila saruji inayolizunguka doa na kuliacha doa limekaa katikati ya shimo jeupe, limepandishwa cheo.

Wanaodharau vitu vinavyong'ang'ania wangetembea hadi bandarini. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, ikaunganishwa na kushushwa ziwani 1915. Julai 1916 Wajerumani walilazimika kuikimbia Kigoma, wakaizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi isije ikaangukia mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi wao waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoitoa majini 1924 walikuta injini zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Laiti siku ile angekuwepo fundi mmoja mpenda usafi, mwenye kitambaa na sabuni, akasema mitambo haiwezi kuzamishwa ikiwa michafu hivi! Abiria wa Kasanga na Mpulungu wangesubiri sana.

Nguzo za uzio nazo zina ushahidi wao. Zile zilizopakwa oili chafu mchwa huzipita mbali.

Najua wapo watakaosema nimezidisha, maana doa likibaki uwanjani linatia aibu. Sasa waseme wanataka liende wapi. Kila ndoo ya maji ya sabuni inayolishinda doa huelekea mtaroni, mtaro huelekea bondeni, na bondeni kuna Ziwa Tanganyika, lenye kina cha zaidi ya mita 1,400 na mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, huko ng'ambo Kongo. Kinachoingia humo hakina haraka ya kutoka, na humo ndimo tunamovua dagaa na migebuka ya kukaangia mawese yaleyale. Doa lililotulia kwenye zege ni raia mwema kuliko lililosafishwa.

Kwa wasiosadiki bado ipo dawa moja, isiyotaka asidi wala maji, na nimeiona ikitumika kuanzia Gungu hadi Ujiji kila wageni wa harusi wanapokaribia. Gari linasogezwa mbele kidogo, likaegeshwa juu ya doa, na watu wote wakasifia uwanja ulivyo msafi. Nalo gari, kwa ukarimu wake, huko chini linaendelea kuongeza.