Tope na Jiwe la Uzinduzi

JIWE: Wewe Tope huna haya! Lambo hili lilizinduliwa kwa ngoma mbili, turubai tatu na pilau, nikafunuliwa pazia mimi, wakapiga makofi, pazia likakwama, wakanifunua tena, makofi tena. Leo umelijaza mpaka ndama anavuka bila kulowa tumbo.

TOPE: Ningekuamkia, Mheshimiwa, ila nimekuzidi umri. Nilikuwa shamba la mtama kule mlimani kabla hujachongwa. Walikata miti wakachoma mkaa, wakalima kufuata mteremko, mvua ikanibeba. Mnashangaa nini? Mwaka 1972 watafiti wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala walichapisha vipimo vya mabonde manne ya hapa Dodoma, Ikowa na Matumbulu yakiwamo, wakaonyesha malambo yanajaa udongo katika muda wa mtoto kukua na kuoa. Tena kina kikipungua, jua hufaidi. Mvua yetu kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, na jua lina uwezo wa kunyonya zaidi ya mara tatu ya hizo. Sahani pana hukauka kabla ya mtungi.

JIWE: Kwa hiyo watu wasilime? Wasifuge?

TOPE: Nani kasema? Kweli, mwaka 1979 mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, ulihamisha mifugo yote kutoka vilima vya Kondoa. Nyasi zikarudi, lakini gharama wakaibeba wafugaji. Dawa kali hiyo. Ipo nyepesi: makinga maji mlimani, nyasi kandokando ya korongo, birika la kunyweshea chini ya tuta ili ng'ombe wasilikanyage lambo lenyewe, na utoro wa maji usiozibwa na mtu anayetaka kutega kambare. Hayo yote yanajulikana. Aibu yenu ni kwamba mnayajua na hamyafanyi, kila masika mnalia na mimi kama vile nimejileta!

JIWE: Lakini makinga maji utayafunika pazia gani? Nyasi zikiota, nani atakata utepe?

TOPE: Hapo ndipo umesema kweli.

JIWE: Usijali, nasikia tingatinga linakuja kukuzoa. Nitachongewa mwenzangu.

TOPE: Lije. Litanimwaga palepale juu ya tuta, hatua kumi toka majini. Mwambie mwenzako mvua ya kwanza tutaonana.